Marahaba ya Mzee Kombo

Mjukuu wangu Saumu,

Huku Kisauni sote wazima, ila babu yako kamkaripia fundi wa friji hata friji yenyewe ikaanza kunguruma.

Wallahi nimefurahi hiyo kampuni ya umeme ya Ulaya kufungua kituo Nairobi na kukupa kazi ya kupokea simu. Lakini waniambia wateja hupiga wakifoka, na bosi ataka kukuachisha kazi kwa urefu wa salamu zako. Waniuliza uziache?

Usichanani mwangu nilimsaidia baba dukani. Siku moja Mzee Kombo akaja amefura, dumu mkononi: mafuta ya taa tuliyomuuzia yana maji. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, maana shikamoo haiachwi ikining'inia. Nikamuulizia mkewe, watoto, hata mbuzi. Kumbe mbuzi kazaa mapacha! Akasimulia, akacheka, akaenda zake na dumu lile lile la maji.

Punde akarudi, mkewe akimsukuma mgongoni.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia tena.

Safari hii ikaning'inia. Baba akambadilishia mafuta. Mzee akayanusa, akayatia kwenye taa, ikawaka. Ndipo akanigeukia:

"Marahaba, mwanangu."

Bibi yako akupendaye,
Mwanasha