Aliyekunywa Mafuta ya Mbao

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na mvua imeshafika huko Kilifi? Mimi hapa Ruiru ni mzima wa mwili, lakini tangu juzi nimepigwa na butwaa, na aibu juu yake. Simu zangu hushiki, ndiyo maana naandika.

Unajua nilivyokupigia nikifoka. Fremu za milango tulizotengenezea hosteli ya wanafunzi kule Kahawa Wendani ziliingiwa na mchwa. Nilibonyeza moja kwa kidole, kidole kikazama! Ndani vumbi tupu. Mwenye hosteli akanigombeza mbele ya watu, nami nikakugeukia wewe, nikasema umeyachanganya na kitu mafuta ya mwarobaini unayonitumia nipake mbao zisiliwe na mchwa. Nikakuita mwongo. Mama yangu mzazi!

Basi juzi niliwahi kazini, kwenye karakana ya Mugutha. Nikamkuta Baba Shiro, fundi aliyeniajiri, ameshika mtungi wako wa mafuta na kijiko, anakunywa.

"Wee! Baba Shiro! Hayo ni ya mbao!"

"Si ni mwarobaini?" akanijibu bila wasiwasi. "Si inatibu magonjwa arobaini? Na mimi niko na sukari."

"Tangu lini?"

"Tangu ulete ile ya kwanza."

"Na mbona mtungi haupungui?"

Akaangalia chini. "Nilikuwa naongezea mafuta ya salad, haya ya kupikia, usijue."

Salad! Kumbe siku zote hizo nilikuwa nawaungia mchwa chakula!

Kabla sijamaliza kupiga kelele akaanza kutapika. Tukamkimbiza hospitali Thika, na daktari akashangaa kumwona bado anatembea. Sasa ana nafuu, ila anaona haya kunitazama. Amesema zile fremu atazitengeneza upya kwa mkono wake.

Hayo ni yake. Yangu ni kwamba umetwanga kokwa za mwarobaini na kuzikanda mpaka viganja vikachubuka, halafu nikakudhania mwongo. Niliona harufu imepungua, na nilipaswa kuuliza hapa karakana kwanza. Sikuuliza. Nimekukosea, mama, na sina pa kujificha.

Nisalimie kaka Karisa anayekuokotea kokwa, na bibi, na shangazi wa jirani anayekuazima kinu.

Sikuombi mafuta mengine. Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani. Shika, mama. Hata kama ni kunitukana, shika.

Mwanao aliyekosa,
Kadzo