Namba ya Jioni Niliyokuficha

Mama Riziki, mupenzi wangu wa Itebero,

Usicheke mwandiko wangu. Unajua niliachia masomo darasa la tano la primere, siku ile mwalimu alipokuta nimemufungia mbuzi kwenye kiti chake. Leo niko nakuandikia kwenye meza ya jikoni, biki ya binti yetu mukononi, na barua hii siifungi kwa bahasha. Mama Noela, muganga wa macho wa kule Mweso, amesema ataisoma mbele ya wagonjwa wake siku ya Jumatatu. Nikamuambia sawa. Wewe tulikuzika tangu mvua za mwaka jana, aibu haitakupata tena. Mimi sikuzaliwa nayo.

Lakini barua ni yako. Wale wengine wasikilize tu.

Unakumbuka ulivyofika hapa Bihambwe? Ulitoka kwenu porini kwa miguu, kitunga mugongoni, mukanda wake umeukaza kwenye kipaji cha uso, umeinama mbele kama wamama wote wa kwetu wanavyobeba. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa kanisa na vijana wenzangu. Nikasema kwa sauti usikie:

“Angalieni, muzigo umeota miguu, unatembea peke yake.”

Haukuinua hata kichwa. Ulisema tu, “Na ile gunia ya maharagi kule juu ya ukuta, nani ameisahau?”

Walinicheka mupaka mavuno. Mwaka ule ule nikapeleka mbuzi kwa baba yako, maana niliona kinywa kama hicho kikienda kwa mwanaume mwingine, mimi nitabaki kuongea na nani?

Ule mukanda ulikuachia mufereji kwenye kipaji. Nilikuwa naupima kwa kidole, nakuambia hapa ninaweza kupanda mustari muzima wa maharagi. Ulikuwa unasema, “Panda, lakini kupalilia utapalilia wewe.”

Sasa habari ya nyama. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuibia nyama kwenye sahani, na miaka yote ulinipiga kijiko kwenye vidole. Halafu musimu mumoja ukaacha kunipiga. Nilikuwa nakaa upande wako wa kushoto, mukono unaenda, nyama inakuja, wewe unakula tu. Nikajisifu. Kwenye kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, niliwaambia wenzangu kwamba uzee umenifanya mwizi wa kweli, mama hanikamati tena. Wakaninywesha kwa ajili ya hiyo.

Siku moja huruma ikanishika, nikakurudishia kipande, nikakiweka pale pale kushoto. Uligeuza kichwa chote, kama kuku, ndipo ukakiona. Ukauliza, “Nani ameniongezea?” Kijiko changu kikasimama hewani. Kumbe sikuwa mwizi hodari.

Tulipofika Mweso, Mama Noela alikufunika jicho la kuume, akakuonyesha vidole, akauliza ni vingapi. Ukauliza, “Vidole gani?” Njo akatueleza: inaitwa glokome. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanasukuma, na mushipa wa kuona unakauka polepole kuanzia pembeni. Hakuna maumivu, hakuna machozi. La kushoto limekwisha. La kuume limebaki, na hilo njo tutachunga, kwa matone asubuhi na jioni, na kupima ile tensio, musukumo wa maji ndani ya jicho.

Tukachunga. Kila tulipoenda Mweso tensio yako ilikuwa muzuri, na kila tulipoenda jicho lilikuwa limepunguka. Mama Noela alikuna kichwa mupaka kitambaa kikahama. Mimi na wewe tulijua kitu hatukumuambia. Siku mbili mbele ya safari ulikuwa unaacha kitunga, unalala, unaoga, unapaka mafuta. Ulitayarisha jicho kama watu wanavyofagia kiwanja padri akija. Tulidhani njo heshima. Tulidhani muganga anataka kupewa jicho zuri.

Na njia ilikuwa inafungwa mara kwa mara, unakumbuka. Kwa hiyo alituazima kale kamashini, kadogo kama tochi, kanagusa jicho kama mbu na kuandika namba. Akanifundisha mimi, akaniangalia sana.

“Papa Riziki, asubuhi unapima. Jioni akitoka shambani, apumzike kidogo, unapima tena. Unaandika kwenye kaye, daftari hii, kile unachoona. Ikipita makumi mbili na moja mara mbili, munapanda pikipiki siku ile ile. Hapana unitengenezee namba.”

“Mimi?” nikamuuliza.

“Wewe,” akasema.

Ule mwezi wa kwanza, mama, nilikuwa na furaha ya mutoto. Nilijiita Dokteri. Nilivaa koti la ndoa. Nilikuambia, “Mugonjwa, kaa wima, angalia pua yangu nzuri.”

“Hiyo pua njo itapandisha tensio,” ulijibu.

Asubuhi kumi na sita, kumi na saba. Jioni tulikuwa hatupimi. Ulikuwa unarudi umechoka, na mimi nilikuwa nimeshakunywa, basi nilirudilia namba ya asubuhi kwenye mustari wa jioni. Nilidhani ni jicho lile lile.

Halafu maharagi yakakomaa. Ile jioni ulifika mawingu yameshakalia mulima, ukatua kitunga mulangoni, ukafungua mukanda. Kipaji chako kilikuwa chekundu. Ulisema mwenyewe, “Dokteri, leo pima, ninaona kama moshi.” Ukapumzika, nikapima. Makumi tatu na ine. Nikafikiri kamashini nimekashika vibaya. Nikarudilia. Makumi tatu na tatu.

“Iko ngapi?” ukauliza.

Niliangalia shamba kwa mulango. Nusu ya maharagi ilikuwa bado chini, na mvua ilikuwa inakuja kuyaozesha. Nikaona pikipiki, nikaona Mweso, nikaona Mama Noela akisema uzito wa kitunga njo unasukuma jicho, akikukataza kukibeba. Na kitunga kikikatazwa, nani atakivaa? Unajua kwetu mwanaume abebe gunia kwenye bega, sawa. Mukanda kwenye kipaji ni wa mama. Mimi muntu wa kucheka wengine kutoka juu ya ukuta, niliwaona wote juu ya ule ukuta, wamepanga mustari, wananingoja mimi.

Nikasema, “Kumi na nane.”

“Basi iko muzuri,” ukasema. Kesho yake ukabeba tena. Na kesho yake. Mavuno yote ulibeba, na mimi jioni niliandika kumi na nane, kumi na saba. Siku moja hata niliandika kumi na tisa, ili ionekane ya kweli.

Mama Noela aliangalia kaye akasema, “Vizuri sana, Papa.” Halafu akaangalia jicho lako, akaangalia tena kaye. Ilikuwa imechelewa. Musimu uliofuata ulikuwa unatafuta mulango kwa kiganja.

Njo nikavaa ule mukanda. Ningefanya nini? Muhogo haukujileta nyumbani. Siku ya kwanza walinicheka mupaka watoto wakatoka shuleni kuniona. Siku ya pili walicheka waliokuwa hawakuja siku ya kwanza. Siku ya tatu hakuna aliyeinua kichwa, na muzee mumoja akaniuliza kama mukanda unaumiza shingo. Siku mbili, mama. Niliuza jicho lako kwa kicheko cha siku mbili.

Ulikuwa umekaa kwenye jua ukipepeta maharagi kwa vidole, nikatua kitunga karibu yako. Ulinyoosha mukono, ukashika kipaji changu, ukakuta mufereji unaanza. Ukaucheka kidogo. Halafu ukauliza polepole, “Muzee, ile jioni ya mawingu, ulisoma vizuri?”

“Nilisoma vizuri,” nikasema.

“Basi,” ukasema, ukaendelea kupepeta.

Mpaka leo sijui ile “basi” ilikuwa na nini ndani. Uliishi nayo miaka miwili, hadi ile homa ya kifua ilipokuchukua, na haukuniuliza tena. Mara nyingi nilifungua kinywa, kikatoka muchezo. Muchezo hautaki nguvu.

Juzi nilirudisha kamashini Mweso. Mbele ya kwenda nilifungua kaye, nikapiga mustari juu ya kumi na nane ya ile jioni, nikaandika pembeni 34, na chini yake 33. Namba zingine za jioni nilizifuta zote, maana sikupima, nilizitunga. Nikampa Mama Noela. Alisoma. Nikamuuliza, kama tungekuja siku ile, ingekuwa namna gani. Alisema angebadilisha dawa, angekutuma Goma upasuliwe, labda jicho lingebaki. Alisema “labda” mara mbili, kwa huruma. Halafu akaniomba niandike, ili wamama wa kitunga na wanaume wao wasikie jicho linapimwa vile linavyoishi, likiwa na vumbi lake, na namba mbaya njo ile muganga anaitafuta.

Kwa hiyo wamesikia. Sasa wewe.

Ile jioni ilikuwa makumi tatu na ine, Mama Riziki. Sikukosea kusoma. Nilisoma vizuri sana, na nikakudanganya.

Jana Riziki alipika nyama. Niliweka kipande changu upande wa kushoto, mahali pako. Kilikaa pale mupaka kikapoa, na mukono wangu haukukifuata.

Lala, mama. Kitunga niko nacho mimi.

Mwizi wako,
Papa Riziki