Bogenvilia ya Uani

Mnarani, Jumanne

Na sikukanusha sifa isiyokuwa yangu. Hilo ndilo linalonichoma.

Miezi mitatu ya majaribio hapa hotelini nimezinywesha bogenvilia za langoni kila asubuhi, kwa ratiba niliyoichapa mwenyewe. Zimenenepa majani, ua hata moja hakuna. Mama Kadzo, mtunza bustani mwenzangu, alinionya mapema: "Mwanangu, hiyo ikishiba hulala. Iache ione kiu, ndipo ichanue." Nilimjibu kwa adabu kwamba utafiti unasema vinginevyo. Sikuwa nimesoma utafiti wowote.

Leo meneja alikuja kuamua iwapo nitaajiriwa. Langoni alipita bila kusimama. Uani akaikuta bogenvilia ya Mama Kadzo, isiyotiwa maji tangu mvua zikome, imewaka nyekundu hadi paani.

"Hii ndiyo kazi ya msomi!" akasema. "Ajira umepata. Kesho saa mbili umfundishe Mama Kadzo mbinu yako."

"Ahsante sana, bwana," nikasema. Nyuma yetu Mama Kadzo akakohoa.

Jioni nilimwendea, nikamwamkia shikamoo mara mbili.

"Marahaba," akacheka. "Kesho njoo saa moja, mwalimu, nikufundishe utakachonifundisha."