Alama ya kidole kwenye basi la baba

Shoga, nimeharibu basi la baba. Lile dogo la plastiki, mfano wa basi alilokuwa akiendesha.

Ubavu mmoja aliupaka kabla hajafariki. Nikasema leo nimalizie wa pili, nimfurahishe mama. Ile buluu aliyoichanganya mwenyewe ilikuwa imebaki kidogo chupani.

Ile rangi ya akriliki ni nzito, lazima uizimue ndiyo ipite kwenye bunduki ya kupulizia. Baba alizimua kwa maji. Mimi mjuaji nikatia thina, ile ya kuzimulia rangi za mafuta.

Thina, shoga. Rangi ikakatika kama maziwa yaliyochacha, bunduki ikatema mabonge hadi upande wa baba. Nikafuta harakaharaka kwa kitambaa chenye thina ileile. Rangi yake yote ikang'oka.

Na ile alama ya kidole chake pale mlangoni, unaikumbuka? Aligusa rangi ikiwa mbichi, akajilaumu wiki nzima. Nayo imekwenda.

Mama kaingia, kaona. Hakufoka. Bora angefoka.

Kauliza tu, "Kitambaa ulichofutia kiko wapi?"

Nikampa, kimelowa buluu, kinanuka thina. Kakikunja taratibu kama alivyokuwa akikunja mashati ya baba, kaingia nacho chumbani, kafunga mlango.