Gari Linalosonya Wazee

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimemkosea mzee wa watu na wala sijafungua mdomo!

Nasteho amenipigia kutoka duka la dawa anakofanya kazi. Huyu hucheka kwanza, halafu ndipo atoe habari mbaya. Baba yake, Mzee Dagane, ameuliza wakati wa chakula: yule kijana wa Subaru ya buluu anayewasonya wazee pale kwenye kibanda cha chai, ni mtoto wa nani? Nasteho akapaliwa na chai.

Mtoto wa nani! Ijumaa ya tarehe 13, baada ya swala, ami yangu, Adeer Ogle, na wazee wetu wanakwenda kwa Mzee Dagane huyo huyo kuniposea Nasteho. Tunataka tupate jibu kabla ya Ramadhani. Anajua mtoto wa nduguye Ogle ndiye anayeposa. Hajui kwamba kijana huyo na yule wa Subaru ni mtu mmoja.

Na mimi sijasonya mtu. Ni gari! Nikikanyaga mafuta, turbo inasindika hewa ndani ya injini. Nikiachia, hewa iliyobaki inatemwa nje na valvu — fyoooo! Sasa mimi, mtoto niliyelelewa nikaleleka, nikiwaona wazee huachia mafuta nipite polepole, niinue mkono. Adabu yangu ndiyo inayopiga kelele. Mshenzi anayewapita mbio bila salamu hasikiki hata kidogo!

Jumanne, 3 Februari

Kwa fundi Jelle, nyuma ya soko la mifugo. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Yeye kichwa ndani ya boneti, kidole kwenye sikio moja. Akapaka povu la sabuni kwenye mabomba yote atafute panapovuja. Hakuna kitu.

— Wallahi hakuna mahali inabumua, akasema. Hii si ugonjwa, ni tabia. Mwenye alikuuzia alitoa falfu ya kwanza akaweka ya kelele. Ile ya kwanza inarudisha hewa ndani bole bole. Hii inatema.

Kumbe huko Nairobi vijana huitafuta kelele hii kwa udi na uvumba! Jelle atamwomba rafiki yake wa Eastleigh atafute valvu ya kawaida. Nikamwuliza, mpaka ije, nitapitaje mbele ya wazee? Akasema nipite kwa miguu.

Jumatano, 4 Februari

Nimepita kwa miguu. Jua la Garissa hili! Mzee Dagane ameitikia salamu macho yakiwa ndani ya kikombe. Sikupenda.

Alhamisi, 5 Februari

Leo nimejifanya fundi. Kwani nini? Nina duka la pampu za maji, mipira naijua kuliko Jelle. Nikafungua boneti, nikauona mpira mwembamba unaoiambia valvu wakati wa kufunguka. Umekauka, una nyufa. Nikasema ndiwe mchawi wewe! Nikautoa, nikaweka mpira mzuri wa dukani, ule mweupe unaopitisha mwanga.

Kimya. Nikazunguka mtaa mara moja polepole, injini ingali baridi — kimya. Nikajipigapiga bega. Nikampakia dada yangu Kowsar ashuhudie, nikaelekea kwenye kibanda cha chai kifua mbele.

Lo! Injini ilikuwa imeshapata moto. Mpira wa maji ukalainika, ukajibana. Valvu haikufunguka, hewa ikarudi kuipigapiga turbo: tu-tu-tu-tu-tu! Kama kanga waliotimuliwa kichakani. Mbele ya wazee wote! Mmoja aliangusha kijiko. Mzee Dagane aliweka kikombe chini taratibu.

Kowsar alicheka mpaka akajifunika uso kwa shungi.

— Walaal, akasema, juzi ulikuwa unawasonya. Leo unawacheka.

Jumamosi, 7 Februari

Jelle amenisimanga leo. Amening'iniza ule mpira hewani kila mtu auone: hii mbira ni ya maji, injini si shamba ya vitunguu! Ameweka unaostahili. Tumerudi kwenye fyoooo. Sikuwahi kufikiri nitaifurahia.

Hooyo, mama yangu, anashauri Adeer Ogle amweleze Mzee Dagane mapema. Hapana! Wazee wazima wavae kofia zao na kanzu zilizopigwa pasi, wasome dua, halafu waanze kueleza mambo ya turbo?

Jumatatu, 9 Februari

Valvu haijafika. Iko kwenye basi, haiko kwenye basi, dereva hapokei simu.

Nasteho anasema babake ameulizia gari tena. Amekasirika? Hajui. Uso wa mzee ni mlango wa duka lililofungwa.

Ninaogopa. Nampenda huyu msichana. Nimeandika hapa kwa kuwa Kowsar nikimwambia atanicheka mpaka Idd.

Jumatano, 11 Februari

Imefika! Ina vumbi na harufu ya mbuzi, lakini ni yenyewe. Jelle akaifunga. Kanyaga, achia — kimya. Injini ikapata moto. Kanyaga, achia — kimya! Nimezunguka mtaa wote wa Waberi nikisikiliza kitu kisichokuwepo. Jelle ndiye aliyehuzunika. Eti sasa gari ni kama imelala.

Alhamisi, 12 Februari

Naandika ndani ya gari.

Baada ya alasiri nilipita kwenye kibanda. Nikaachia mafuta, nikainua mkono, nikatoa salamu. Kimya safi! Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, ndipo Mzee Dagane akanyanyua bakora yake juu. Simama.

Akaja. Akaitazama boneti kwa muda.

— Waryaa, gari imegonjeka?

— Hapana, Adeer. Imepona.

Akafungua mlango, akaketi, bakora katikati ya magoti.

— Endesha.

— Wapi, Adeer?

— Bale unaendaga kila siku.

Jasho! Nikaingiza gia. Akaendelea, anaangalia mbele tu: nyumba yangu ni mwisho ya barabara. Hakuna duka huko, hakuna msikiti. Asubuhi fyoooo, inaenda. Fyoooo, inarudi. Mchana tena. Mimi nimechunga ngamia, kengele ya ngamia yangu naijua hata nikiwa usingizini. Unafikiri hii siijui? Kelele ikisikika, msichana anabeba birika, anatoka, anasema anamwagilia maua.

Akanigeukia.

— Sisi hatuna maua.

Ningeweza kufa pale pale kwenye usukani!

— Sasa jana kimya, akasema. Leo asubuhi kimya. Msichana hajakula. Nikasema, kijana ya Ogle amebadilisha njia? Kesho wazee wanakuja kunywa chai yangu bure?

Nikaapa. Nikaeleza valvu, povu la sabuni, mpira wa maji, kila kitu, maneno yakigongana. Tulipofika getini kwake akashuka, akaniambia ningoje, nisizime injini. Nikangoja. Akaingia. Nikasikia sauti yake ndani, halafu mlango.

Amerudi. Amesimama getini, mikono nyuma, ananitazama. Sijui kama anatabasamu, ndevu zinaficha. Anapisha mtu nyuma yake.

Ni Nasteho. Ana birika. Hanitazami kabisa. Anamwagilia mchanga maji —