Mume Wangu Anataka Nimwache Mwamina kwa Sababu ya Sinema

Mpendwa Shangazi Dionisia, shikamoo, nakuandikia nikiwa Mbekenyera huku Ruangwa na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe limeanzia kwenye banda la video. Mimi ni mke wa mtu, mkulima wa ufuta, na rafiki yangu ni Mwamina, tulisoma wote Nachingwea tangu kidato cha kwanza. Jumapili moja tulienda kuangalia sinema ya Kikorea ya malkia na jemadari wake, wote wanawake, na Saburi mwenye banda ndiye hututafsiria kwa kipaza sauti, basi kila wale wanawake wakiongea yeye anasema wanagombania bwana, watu wanacheka, hadi Mwamina akasimama mbele ya wanaume wote akasema, "Saburi, Kikorea hukijui, na mimi sikijui, lakini macho tunayo. Hao hawagombani, wanaagana. Lete hicho kipaza sauti."

Shangazi, alipewa! Akasema kwa sauti ya malkia, taratibu, "Dada yangu, nikianguka leo, nchi hii ishike wewe," na papo hapo kwenye runinga malkia akavua taji akamvika mwenzake. Hata vijana wa bodaboda pale mlangoni wakazima pikipiki zao wasikie. Mwili ulinisisimka, nikamtazama mtu niliyeteka naye maji miaka yote nikajiuliza, hivi huyu ni nani? Kisha akanigeukia, "Gaude, njoo umsemee jemadari," nikaenda, nikasema, akina mama wa sokoni wakapiga vigelegele.

Tangu hapo tunatafsiri kila Jumapili. Sasa mume wangu Eustakio, ambaye hajawahi kukanyaga pale, ameambiwa na wenzake kwamba sinema zimenipanda kichwani. Kasema, "Mwamina anakuharibu. Chagua, yeye au nyumba hii." Nilipomweleza Mwamina alisema tu, "Nyumba ni yako, Gaude, sitakuchagulia." Mume nampenda, hajawahi kunipiga, lakini nikimwacha Mwamina nahisi nitarudi kuwa bubu, mtu mwenye nguvu kama yule simpati tena, nifanyeje?

Gaudensia, Mbekenyera

JIBU

Marahaba, Gaudensia. Nimesoma barua yako mara mbili na mimi mwili umenisisimka. Rafiki anayekutikisa hivyo, halafu anakataa kukuamulia maisha yako, wengi tunazeeka bila kumpata. Lakini nakugombeza. Umemsifu Mwamina karatasi nzima, wewe mwenyewe umejipa neno moja: "nikasema". Ulisema nini? Vile vigelegele vilikuwa vyako! Nguvu unayoiona kwake ndiyo aliyoiona kwako alipokuita.

Eustakio anaogopa kitu alichosimuliwa kijiweni. Mwambie wewe, mchana, mmekaa: "Kazi hii naipenda, njoo uisikie." Usiombe radhi, hujakosa. Akija, mwekee kiti. Akikataa, muage vizuri uende. Hilo la "yeye au nyumba" usilijibu. Nyumba ni yenu wote wawili, haigeuzwi fimbo. Aking'ang'ania, waite wasimamizi wenu wa ndoa wakae naye. Akithubutu kuinua mkono, hapo hakuna kikao tena, nenda dawati la jinsia polisi.

Na acha kumtazama Mwamina kama mtu aliyeshuka kutoka kwenye runinga. Ni mtu, ana hofu zake asizozisema, maana wote mnaomzunguka mmeshaamua kwamba hana. Nenda leo kamuulize yeye anaogopa nini, halafu nyamaza umsikilize.