Kisiwa Kidogo Tulichokata

Mwaitu, mama yangu,

Naanza na habari za kinamasi, maana hizo ndizo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kujua kama tumekula. Maji yamerudi nyuma. Matete uliyokuwa ukikata kwa ajili ya mikeka sasa yako mbali na njia, na yangeyange wote wamehamia kisiwa kikubwa, kwenye ile mikuyu iliyosimama katikati ya maji. Kisiwa kidogo hakina mti tena. Tuliikata yote.

Sijaandika "waliikata." Niliinua mkono pamoja na wengine, miezi mitatu baada ya kukuzika. Kamati ya maji ilisema miti inakunywa maji yetu, na kweli inakunywa. Nani angebisha kiangazi kile? Wewe ulizoea kusema, "Hiyo miti inatuchujia. Usiiguse." Nilidhani unatetea ndege tu. Ndege uliwahurumia kuliko sisi wanao.

Unakumbuka uliponivusha hadi pale, maji yakinifika kiunoni? Ulinionyesha kichuguu cha zamani chini ya mizizi, ukasema mchwa ndio waliojenga kisiwa na ndege wakaleta mbegu tumboni. Kisha ukanipeleka katikati, mahali pasipoota hata nyasi, ukachovya kidole kwenye udongo mweupe ukaniambia nilambe. Chumvi! Nilitema, wewe ukacheka mpaka leso ikadondoka kichwani. Hukueleza zaidi, nami sikuuliza.

Sasa nimeelewa. Miti ilivuta maji ya kinamasi ikaiacha chumvi pale katikati, kama kichujio kinavyobaki na majani ya chai. Tulipoikata miti, hakuna kilichoishikilia chumvi ile tena, ikasambaa majini. Misimu miwili ya mvua haikupita kabla maharagwe ya upande ule hayajaungua kingo za majani, na ng'ombe wakaanza kususia maji.

Mwezi uliopita kamati ilitaka kukata na miti ya kisiwa kikubwa. Sikutoa hotuba, unajua nikisimama mbele ya watu sauti hunikimbia. Nilipika chai sufuria mbili, majani yale yale, sukari ile ile. Moja kwa maji ya kando ya kisiwa kikubwa, nyingine kwa maji ya pale tulipokata. Mwenyekiti, Mzee Kioko, alipiga funda moja la ile ya pili akakunja uso.

"Wewe Mumbua, umeweka nini hii chai? Iko na chumvi!"

"Sijaweka kitu, mzee. Ni sisi wote tuliweka."

Halafu nikawaambia kwamba siku ile mkono wangu ndio uliotangulia kuinuka, na kwamba wewe ulikuwa umenikataza. Nililia, Mama. Hata kwenye mazishi yako sikulia hivyo.

Kisiwa kikubwa kimeachwa. Kwenye kile kidogo nimepanda mikuyu kumi na miwili kandokando ya kichuguu. Minne imeshika. Kivuli chake sitakikalia mimi, na sikupanda kwa ajili hiyo.

Pumzika, Mwaitu. Nakuahidi kila mvua zikianza nitavuka hadi katikati, nichovye kidole, nilambe. Siku nitakayoikuta chumvi imerudi pale uliponionjesha, nitajua umenisamehe, na sitaitema.

Mwanao,
Mumbua